Shangazi, nalipia mpira au nalipia kiti?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa nimebakiwa na siku 12. Klabu yangu imenitumia ujumbe wa kulipia upya tiketi ya msimu, na nisipolipa kabla ya mwisho wa mwezi kiti changu kitapewa mtu wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Orodha yenyewe ni ndefu. Mimi nilikaa humo miaka minne kabla ya kuitwa.

Huu ungekuwa msimu wangu wa 10 kwenye kiti kile kile, safu ya 14, pembeni ya ngazi, usawa wa kibendera cha kona. Kulia kwangu anakaa mzee mmoja ambaye siku yangu ya kwanza alinisogezea begi lake nipite na kuniuliza mbona nimechelewa, kana kwamba tulikuwa na miadi. Hatujawahi kutembeleana nyumbani. Lakini baba yangu alipofariki, mtu wa kwanza nje ya familia niliyempigia simu alikuwa yeye.

Bei imepanda mwaka wa tatu mfululizo. Klabu inasema ni ili timu iweze kushindana. Msimu uliopita nilipiga hesabu nikaona ninalipa sawa na mtu anayenunua mechi 15 mojamoja, nami napata zote 19 za ligi za nyumbani. Mwaka huu wanataka bei ya mechi 16. Sina fedha hizo kwa mkupuo. Anayetaka kulipa kidogo kidogo anapelekwa kwa kampuni ya mikopo iliyoingia mkataba na klabu, na nikijumlisha riba nafika bei ya mechi 17. Mechi za kombe hazimo.

Sasa ukweli wenyewe: msimu uliopita nilifika uwanjani mara 12 tu. Mechi mbili zilihamishiwa Jumatatu usiku kwa ajili ya televisheni, na Jumatatu niko zamu. Moja ilisogezwa zikiwa zimebaki wiki tatu, ikaangukia siku ya harusi ya mdogo wangu. Nyingine nne ni mtoto kuugua, uchovu, na mara moja hasira tu baada ya kufungwa mabao manne nyumbani. Ipo programu ya klabu ya kurudisha kiti chako kiuzwe kwa mwingine. Inafunguliwa mechi ikishajaa, na sikuitumia hata mara moja.

Lililoniuma zaidi ni kwamba punguzo la wazee limeondolewa kwenye jukwaa letu. Limebaki jukwaa la juu nyuma ya goli peke yake. Mzee ameniambia kwamba yeye basi.

Mke wangu hapingi mpira, na hajawahi kuninunia kwa ajili yake. Juzi alinikuta na kikokotoo mezani akaniuliza swali moja: "Hivi wewe unalipia mpira au unalipia kiti?" Sikuwa na jibu. Shangazi, tiketi hii inalingana na pesa ninayotoa, au natumiwa kwa sababu wanajua siwezi kuondoka?

Mwenye kiti, safu ya 14

*

Marahaba, mwanangu. Na pole ya baba, hata kama siku zimepita.

Ndani ya swali lako mna maswali mawili, na nitayatenganisha kwa sababu majibu yake hayafanani. Moja ni kama tiketi inakulipa wewe. Jingine ni kama klabu inakutendea haki. 

Tuanze na hesabu. Klabu hugawa bei kwa mechi 19, ndivyo tangazo linavyoandikwa. Wewe gawa kwa mechi ulizokaa. Ulilipa bei ya mechi 15 ukaingia 12. Maana yake kila ulipoketi pale ulikuwa umelipa robo zaidi ya mtu aliyenunua tiketi ya siku ile ile. Punguzo lililotangazwa, karibu asilimia 21, lilikuwepo kweli, ila ni la anayefika mechi zote. Wewe halikukufikia.

Halafu zitazame mechi saba ulizokosa. Zile za Jumatatu huenda uwanja haukujaa, kwa hiyo programu isingefunguliwa. Tuseme nne kati ya saba zilijaa. Kama klabu yenu humrudishia mwenye kiti sehemu moja ya 19 ya bei kwa kila mechi inayouzwa tena, kama zinavyofanya klabu nyingi, ungerudishiwa thamani ya mechi tatu na kitu. Mwisho wa msimu ungekuwa umelipa sawa na mtu wa mlangoni. Faida isingekuwepo, wala hasara. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha yako haikuliwa na bei. Ililiwa na kiti kilichokaa kitupu. Sikulaumu. Mtoto akiugua usiku, nani anakumbuka kufungua programu ya klabu? Lakini ujue ilikopotelea.

Kuna jambo moja linaloegemea upande wako. Tiketi za mojamoja hazina bei moja. Dabi na mechi dhidi ya vigogo huwa juu, na mara nyingi asiye mwanachama hazioni kabisa. Uanachama nao unalipiwa. Kwa hiyo chukua ratiba ya msimu uliopita, uandike pembeni ya kila mechi uliyoenda bei ya siku ile kwa jukwaa lenu, halafu ujumlishe. Kama dabi na vigogo wote walikuwa ndani ya zile 12, pengo litapungua sana. Kama ulizokosa ndizo hizo, litaongezeka.

Nikija kwenye bei ya mwaka huu, naomba uitazame tiketi ya msimu kwa jina lake halisi. Ni mkopo. Fedha yako inaingia klabuni miezi ya mapumziko, wakati hakuna mechi wala kiingilio, mishahara inaendelea na dirisha la usajili liko wazi. Unalipia leo mechi ya mwisho wa msimu. Hujui kama kocha atadumu, kama straika wenu atauzwa, wala mechi ipi itasukumwa Jumatatu. Punguzo ndilo malipo yako kwa kutanguliza fedha na kubeba mashaka hayo yote. Msimu uliopita lilikuwa mechi nne kati ya 19, na hapo naweza kusema biashara inaeleweka. Mwaka huu ni mechi tatu. Ukipitia kampuni ya mikopo zinabaki mbili, na hapo, mwanangu, unakopa kwa riba ili uikopeshe klabu bila riba. Hilo nalikataa. Ukiamua kulipia, lipia kwa fedha yako au kwa awamu zisizo na riba. Nje ya hapo usisaini.

Mashaka ninayosema yamewahi kutimia. Machi 2020, Uviko-19 ilisimamisha ligi karibu zote za Ulaya. Ligi Kuu ya Uingereza ilitangaza kusimama tarehe 13 Machi ikarudi tarehe 17 Juni, majukwaa yakiwa matupu. Watu waliokuwa wamelipia msimu mzima walijikuta wanaidai klabu. Wapo waliorudishiwa fedha za mechi zilizobaki, wapo waliohamishiwa salio msimu uliofuata. Mabadiliko ya ligi nayo hugusa tiketi bila kelele. Ufaransa, Ligue 1 ilishuka kutoka timu 20 hadi 18 msimu wa 2023/24, na mechi za nyumbani zikatoka 19 zikawa 17, idadi ile ile ya Ujerumani. Kwa miaka mingi tiketi ya msimu ya Arsenal ilikuwa na mechi 26, yaani 19 za ligi na saba za makombe, na watu wakailinganisha na tiketi za mechi 19 kana kwamba ni kitu kimoja. Mtu akikusimulia bei ya msimu ya klabu yake, muulize kwanza ni mechi ngapi na makombe yapo au hayapo.

Sasa haki. Umeniuliza kama unatumiwa, na kwa kiasi fulani jibu langu ni ndiyo.

Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye vizimba vya uwanja wa Hillsborough kwa makosa ya waliosimamia usalama, na watu 97 wakapoteza maisha. Ripoti ya Jaji Taylor, Januari 1990, ilitaka viwanja vikubwa viwe vya kukaa pekee. Ripoti hiyo hiyo ilisema bei ya viti vya chini kabisa ipangwe ili iwafae waliokuwa wakisimama, ikatoa mfano wa uwanja wa Ibrox kule Glasgow, ambako kukaa kulikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4. Viti vilijengwa. Ushauri wa bei haukufuatwa. Kila ninapousoma mfano ule wa Ibrox roho inaniuma, kwa sababu unaonyesha kwamba usalama na bei ya mtu wa kawaida vilikuwa vimeshawezekana pamoja, palepale, katika uwanja mkubwa.

Na bei hushushwa pale tu mashabiki wanapoikataa pamoja. Tarehe 6 Februari 2016, Liverpool ikicheza na Sunderland kwenye uwanja wake wa Anfield, dakika ya 77 maelfu ya watu walinyanyuka wakaondoka, kwa kuwa klabu ilikuwa imetangaza tiketi ya pauni 77 kwenye jukwaa jipya. Timu yao ilikuwa inaongoza 2-0. Mechi ikaisha 2-2. Fikiria ilivyo kazi kumtoa shabiki uwanjani timu yake ikiwa mbele kwa mabao mawili. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi, wakaifuta bei hiyo na kuahidi kutopandisha viingilio kwa misimu miwili. Mwezi uliofuata klabu za Ligi Kuu zilikubaliana kwamba tiketi ya shabiki wa ugenini isizidi pauni 30, kikomo kilichoanza msimu wa 2016/17. Klabu zile zile zilizokuwa zinasema bei ni suala la soko.

Ujerumani husifiwa kwa viingilio vya chini, na sababu zipo. Kanuni ya 50+1 inataka wanachama wa klabu washike kura nyingi, ukiacha klabu chache zenye ruhusa maalumu. Majukwaa ya kusimama hayakufutwa. Lile la kusini la Dortmund linachukua takriban watu 25,000. Uli Hoeness, akiwa rais wa Bayern München, aliwahi kueleza kwamba wangeweza kuwatoza zaidi mashabiki wanaosimama, lakini fedha ambayo ingeongezeka ni ile wanayoibishania kwa dakika tano kwenye mazungumzo ya usajili, na kwamba shabiki si ng'ombe wa kukamuliwa. Nakuletea maneno hayo kwa sababu wewe umeambiwa bei imepanda ili timu ishindane. Kwa klabu kubwa zenye fedha za televisheni na wadhamini, nyongeza ya safu yenu ya 14 hainunui hata mguu mmoja wa straika. Na hata Wajerumani hawakuletewa bei hizo kwenye sinia. Februari ile ile ya 2016 mashabiki wa Dortmund walirusha mipira ya tenisi uwanjani Stuttgart, mechi ya kombe, kupinga viingilio.

Katika barua yako yote, nilipofika kwenye punguzo la wazee niliiweka chini kwanza. Mzee aliyejaza kiti miaka timu ikiwa mbovu, mvua ikinyesha na majukwaa yakiwa nusu, hakuwa akipewa sadaka. Alikuwa ameshalipa kabla. Kumwondoa ili kiti kiuzwe kwa bei kamili kwa mtu aliyevutiwa na misimu miwili mizuri ni dhuluma, hata kama sheria inaruhusu.

Nikwambie na langu. Niliwahi kuwa na kiti. Bei iliponizidi nilikiacha, nikasema nitatazama kwenye televisheni, na kweli mfukoni nilipata nafuu. Nilichopoteza sikukijua mpaka mwezi wa tatu. Mbele yangu alikuwa akikaa mama mmoja ambaye binti yake alikuwa mjamzito, na msimu mzima uliotangulia tulikuwa tunabishana mtoto ataitwa nani. Alizaliwa, na sikuwahi kujua jina lake. Nilipotaka kurudi niliambiwa nianze foleni upya. Ilinichukua miaka mitano, nikapewa jukwaa jingine. Yule mama sikumwona tena.

Ndiyo maana swali la mkeo limenigusa. Aliuliza mpira au kiti, na nikiisoma barua yako naona unalipia jirani. Mpira unaupata kwenye runinga, tena na marudio. Kiti ni plastiki yenye namba. Lakini mtu wa kukuuliza mbona umechelewa hauzwi mojamoja, na kwenye risiti yako hayumo. Safu ya 14 bila yeye, kwa bei ya mechi 17, sikushauri hata kidogo.

Kwa hiyo kabla ya klabu, mpigie mzee. Muulize kama yuko tayari mhamie wote wawili kule juu nyuma ya goli, ambako punguzo lake bado lipo, na ambako bila shaka hata bei yako itakuwa chini ya ya sasa. Usimpigie kumwonea huruma. Mwambie unataka kukaa naye. Kutoka juu mpira unaonekana mdogo, ila utaona timu ilivyojipanga, mabeki wanavyopanda na kushuka, mambo ambayo pembeni ya kibendera huyaoni. Magoti yake muulize pia, ngazi za juu si mchezo. Kama hawezi kuzipanda, uliza klabu viti vya karibu na lifti au mlango wa juu.

Akikubali, iandikie ofisi ya tiketi kwa maandishi, si kwa simu, kabla ya siku ya mwisho. Klabu nyingi hupanga watu kuhama viti baada ya tarehe ya kulipia kupita, na hapo ndipo mtu hukwama: amelipia kiti cha zamani kwa matumaini ya kipya. Taka wakujibu kama viti viwili vya pamoja vipo, na utakatwa bei ipi. Uliza pia kama wana awamu zisizo na riba, na kama mwenye tiketi anaweza kusimama msimu mmoja bila kupoteza nafasi. Barcelona walipohamia uwanja wa Montjuïc mwaka 2023 kwa sababu ya ujenzi wa uwanja wao, Camp Nou, wenye tiketi za msimu ambao hawakutaka kwenda kule waliruhusiwa kukaa pembeni bila kupoteza haki ya viti vyao. Kama Barcelona wameweza, si dhambi kuuliza.

Upande wako nako kuna kazi. Kaa na ratiba ikitoka, uone zamu zako na mechi zinazoelekea kuhamishwa. Ukiona huwezi kufika mara 16, tafuta mwenzako mnayeaminiana wa kuchukua mechi zako za Jumatatu, kama kanuni za klabu zinaruhusu kumhamishia mtu tiketi. Usiuze nje ya njia ya klabu. Tiketi hufutwa, na mwenye kiti hufungiwa. Na mechi ikisogezwa, kirudishe kiti kwenye programu mara tu itakapofunguliwa, usingoje kuona kama utapata nafasi. Karatasi hiyo ya hesabu mwonyeshe mkeo yote, pamoja na mechi saba zilizopotea. Aliuliza kwa upole, anastahili kujibiwa kwa namba.

Mzee akikataa, iwe kwa fedha, kwa afya, au kwa kuwa moyo wake umeshachoka na klabu, basi acha kiti kiende. Lipia uanachama, chagua mechi nane au kumi zinazokupa raha, na zile ambazo mzee anaweza kuja, nunueni pamoja. Najua uzito wa ninachokwambia, kwa sababu nimekueleza kilichonipata. Lakini mimi niliacha kiti na watu wake kwa mara moja. Wewe namba yake ya simu unayo.

Na la punguzo la wazee msilinyamazie, mkiwa na tiketi au bila. Kama kuna chama cha mashabiki klabuni kwenu, nendeni wote wawili kwenye mkutano wake ujao, yeye aseme amekaa pale tangu mwaka gani na wewe useme kilichotokea.

Mpigie leo jioni. Siku 12 ni chache, na yeye naye anahitaji mbili tatu za kufikiri. Mkishajua mmeangukia jukwaa gani, niandikie.

Shangazi